Kagua ghala jipya kwa ndani kabla hujamlipa fundi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba hapa nchini. Kutokana na hali hiyo, suala la mahali pa kuhifadhia mazao katika wilaya zake za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega si suala dogo. Ukipita katika barabara ya Maswa hadi Bariadi, na kutoka hapo kuelekea Lamadi, utaona mabanda mapya ya mabati kando ya nyumba za wakulima na kwenye vituo vya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Mengine yanahifadhi pamba mbegu na magunia ya nafaka, mengine ni ya kuegesha trekta au pawatila, na mengi yanafanya kazi zote hizo kwa pamoja.

Hili ni jambo la kupongezwa. Mkulima anayejenga banda lake mwenyewe anaonyesha kwamba ameanza kuona kilimo kama biashara. Hata hivyo, yapo mabanda mengi mapya ambayo ukiyaangalia kwa nje yanapendeza, lakini ukiingia ndani na kuinua macho unakutana na mamia ya ncha za misumari zilizotokeza kwenye papi na kwenye mbao za ukutani. Mwenye banda akiulizwa, jibu lake huwa ni kwamba ndivyo mabanda ya mabati yalivyo.

Nionavyo mimi, jibu hilo si sahihi. Misumari hiyo ni kazi ambayo haijakamilika. Gharama yake hailipwi na fundi, ambaye ameshachukua fedha zake na kuondoka, bali na mkulima, tena kidogo kidogo kila msimu, bila ya yeye kujua ni kipi hasa kinachomtia hasara.

Zamani tatizo hili halikuwapo. Wazee wetu wa Usukumani walihifadhi mtama na mahindi kwenye vihenge vilivyosukwa kwa fito na kusiribwa kwa udongo. Kihenge kilikuwa na upungufu wake, kwani panya na wadudu walikifikia, lakini hakikuwa na msumari hata mmoja. Leo tumehamia kwenye mbao na mabati, jambo ambalo ni maendeleo, lakini vifaa vipya vinataka uangalizi mpya.

Ncha hizo zinatoka wapi?

Sababu ya kwanza ni hesabu ndogo ambayo hufanywa vibaya dukani. Msumari wa bati unaonunuliwa sana ni wa inchi 3, yaani kama milimita 75. Kwenye paa, fundi hupigilia kwenye mgongo wa bati ili maji yasipite, na mgongo huo huwa umeinuka kiasi cha milimita 18. Papi ya inchi 2 ina unene wa milimita 50 ikiwa imepasuliwa kwa kipimo kamili. Ukijumlisha unapata milimita 68. Kwa hiyo, hata kazi ikifanywa vizuri, ncha ya milimita 7 hivi itatokeza upande wa pili. Na kwa kuwa mbao zetu nyingi hazifiki kipimo kinachotajwa sokoni, ncha hiyo huwa ndefu zaidi.

Ukutani hali ni mbaya zaidi. Ili kubana matumizi, mbao za ukutani mara nyingi huwa za inchi 1 tu, wakati misumari ni ile ile iliyobaki kwenye paa. Msumari wa milimita 75 ukipigiliwa kwenye bonde la bati na kupita kwenye ubao wa milimita 25, milimita 50 nzima hubaki ndani. Hizo ni inchi 2 za chuma chenye ncha kali, na ziko kwenye usawa wa gunia, bega na jicho.

Sababu ya pili ni misumari iliyokosa ubao. Fundi anapopigilia kwa nje haoni papi ilipo, hivyo asipopiga kamba ya kuonyesha mstari, misumari mingine hupita pembeni. Msumari wa namna hiyo haushiki kitu chochote. Ni tundu kwenye bati na mkuki ndani ya banda. Huu si wa kukatwa ncha tu. Ung'olewe na tundu lizibwe, kwa sababu mvua za Novemba zitapita hapo hapo.

Hasara ambayo haionekani

Tuanze na nafaka. Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wamehamasishwa kutumia mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama mifuko ya kinga njaa. Aina inayojulikana zaidi ni PICS, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliofanya kazi nchini Cameroon kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Mfuko huo una tabaka tatu: mbili za ndani ni za plastiki na ya nje ni gunia la kawaida la kufumwa. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki ndani mpaka inakwisha, wakashindwa kula na kuzaana, na hatimaye wakafa. Hakuna dawa inayohitajika.

Faida yote ya mfuko huo iko kwenye kutopitisha hewa. Gunia la kawaida likitobolewa na msumari, mkulima atapoteza punje zitakazomwagika, ataziba na kuendelea. Mfuko wa kinga njaa ukitobolewa tabaka zote, hewa inaingia na mfuko unarudi kuwa gunia la kawaida, isipokuwa umenunuliwa kwa bei ya juu zaidi. Mbaya zaidi, mwenye nao hajui. Anauona umefungwa vizuri na anatulia, mpaka anapoufungua miezi mitano baadaye na kukuta unga.

Mdudu anayefanya kazi hiyo tunamfahamu. Dumuzi aligundulika hapa nchini mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wa huko walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga mahindi. Tabora na Simiyu si mbali. Kwa mkulima ambaye shamba lake la mahindi ndilo chakula cha familia mpaka mavuno yanayofuata, tundu la msumari kwenye mfuko si jambo la kuchekea.

Kwa upande wa pamba, hasara ina sura tofauti. Pamba mbegu ikirundikwa hadi kwenye ukuta wenye misumari, nyuzi hunasa kwenye ncha. Kukiwa na unyevu, msumari hushika kutu na kutu hutia doa. Pamba yetu hununuliwa kwa madaraja, na pamba yenye madoa na takataka si pamba safi. Mkulima aliyechambua pamba yake kwa uangalifu mkubwa, akatenga fifi na safi, hastahili kuona kazi yake inaharibiwa na ukuta wa ghala.

Lipo pia jambo la moto. Kipande cha chuma kikiingia kwenye pamba na kufika kiwandani, kinapogongana na sehemu za chuma za mashine ya kuchambulia hutoa cheche. Pamba inaweza kuendelea kuungua taratibu ndani ya robota kwa muda mrefu kabla moto haujaonekana. Viwanda hutumia sumaku kunasa vyuma, lakini kinga ya kwanza ni kuhakikisha msumari hautoki kijijini.

Wapo watakaosema kwamba pamba haikai ghalani muda mrefu kiasi hicho. Nawakumbusha msimu wa mwaka 2019. Bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na pamba ya wakulima ikakaa majumbani na kwenye maghala ya AMCOS kwa miezi mingi kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna anayeweza kuwaahidi wakulima kwamba hali kama hiyo haitajirudia. Ghala linapaswa kujengwa kwa kufikiria mwaka mgumu, siyo mwaka mzuri.

Mwisho, kuna binadamu. Vibarua wa kupakia na kupakua huingia ghalani na mzigo kichwani, macho yakiwa yameangalia chini. Watoto huingia kucheza. Kinachosababisha pepopunda si kutu yenyewe kama wengi wanavyodhani, bali ni vijidudu vinavyoishi kwenye udongo na kwenye samadi, navyo havikosekani katika mkoa wa wafugaji ambako banda la mazao na zizi la ng'ombe viko pua na mdomo. Jeraha la msumari ni njia nyepesi ya vijidudu hivyo kuingia mwilini, na mtu aliyechomwa anapaswa kwenda zahanati haraka, hasa kama hajapata chanjo. Kwa vyama vya ushirika vinavyoajiri vibarua, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na mahali salama pa kazi. Ghala la kijijini halikusamehewa.

Kurekebisha kunagharimu kiasi gani?

Tuchukue mfano wa banda la mita 10 kwa 8. Mzunguko wa kuta zake ni mita 36. Tuseme kuna mistari mitatu ya mbao ukutani kutoka chini hadi usawa wa mita 2, sehemu ambayo magunia na watu hufika. Hiyo ni mita 108 za ubao. Kama kuna msumari kila baada ya sentimita 15, tunapata misumari kama 700. Kijana mwenye mkasi wa kukatia nondo akitumia nusu dakika kwa kila msumari, atamaliza kwa saa sita hivi. Vijana wawili, mmoja anakata na mwingine anapiga tupa na kukusanya vipande, watamaliza kwa siku moja.

Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 10,000 na mkasi umekodiwa kwa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 25,000. Sasa weka upande wa pili wa mizani mifuko kumi tu ya mahindi, kila mmoja kilo 100, iliyotobolewa kwa kuegemea ukuta. Tukikadiria bei ya shilingi 600 kwa kilo, na tukisema kila mfuko umepoteza robo ya thamani yake kwa dumuzi, hasara ni shilingi 150,000 kwa msimu mmoja. Wewe mwenye banda unaweza kuweka bei za kwako badala ya hizi. Jibu halitabadilika sana.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Usirudishe msumari nyuma kwa kuupiga ncha kutoka ndani. Ukifanya hivyo kichwa kinainuka kwenye bati, mpira wake unalegea na paa linaanza kuvuja. Kama ncha ni ndefu ya kutosha kukunjwa, mtu mmoja ashikilie nyundo nzito kwenye kichwa cha msumari kwa nje, na mwingine akunje kwa ndani mpaka ncha izame kwenye ubao. Ncha iliyokunjwa nusu ni mbaya kuliko iliyonyooka, maana inageuka ndoana ya kunasa magunia. Kama ncha ni fupi, ikatwe karibu na ubao, ipigwe tupa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.

Wapo wanaoogopa kwamba msumari uliokatwa utapunguza nguvu na upepo utaezua banda. Hofu hiyo haina msingi kwa msumari ulionyooka. Kinachoshika ni ile sehemu iliyo ndani ya ubao. Kipande kilichotokeza hewani hakishiki chochote.

Grenda inakata haraka zaidi, lakini hutoa cheche. Itumike tu kabla ya mazao kuingia, banda likiwa tupu na limefagiliwa. Kamwe isiwashwe kwenye ghala lenye pamba, hata kama ni kwa msumari mmoja. Na kwa njia yoyote ile, ncha zilizokatwa zikusanywe zote. Ukiziacha sakafuni utakuwa umeondoa hatari ukutani na kuiweka kwenye pamba, kwenye nyayo za watu na kwenye magurudumu ya pawatila. Ziwekwe kwenye kopo, kisha sakafu ipitishwe sumaku. Hata ile ya spika mbovu ya redio inafaa.

Asiyeweza kukata anaweza kufunika. Mabanzi ya mbao, ambayo viwanda vya kupasulia huyauza kwa bei nafuu, yakipigiliwa juu ya ncha hadi usawa wa mita 2 yanatosha kulinda magunia. Na hata baada ya marekebisho yote, magunia yapangwe juu ya chaga na yaachwe umbali wa mita 1 kutoka ukutani. Nafasi hiyo husaidia hewa kupita, humwezesha mtunza ghala kukagua panya na unyevu, na huzuia gunia kugusa msumari uliosahaulika. Tatizo ni kwamba wakati wa msimu, banda likijaa, nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa. Ndiyo maana kupanga magunia vizuri peke yake hakutoshi.

Nani awajibike?

Pamoja na maelezo hayo ya ufundi, hoja yangu kubwa ni ya kiuchumi. Fundi hununua misumari mirefu kwa sababu hapotezi chochote kwa kufanya hivyo. Anakabidhi banda likiwa tupu, na banda tupu halina gunia la kutobolewa. Kamati ya ujenzi ya chama inazunguka nje, inahesabu mabati, inaangalia mlango na kufuli, halafu malipo yanatolewa. Miezi mitatu baadaye pamba inapopimwa tena na uzito kupungua, au mahindi yanapokutwa yametobolewa, lawama zinaelekezwa kwa mtunza ghala au kwa mwenyekiti. Hakuna anayemkumbuka fundi. Maadamu anayesababisha hasara si yeye anayeilipa, mabanda yataendelea kujengwa hivyo hivyo.

Dawa yake ni kuiweka gharama hiyo pale inapostahili. Mkataba na fundi, hata kama ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mtendaji wa kijiji, useme wazi mambo matatu. Kwanza, urefu wa msumari ulingane na mbao. Kwenye paa la papi ya inchi 2 kamili, msumari wa inchi 2 na nusu unaopita kwenye mgongo wa bati unaingia kwenye mbao zaidi ya milimita 40 bila kutokeza. Ukutani, mbao ziwe nene zaidi au itumike misumari mifupi au skrubu za bati. Tahadhari iwepo, msumari usiwe mfupi mno, kwani upepo wa mvua za kwanza wa huku kwetu hauna mzaha. Pili, hakuna ncha itakayoachwa chini ya usawa wa mita 2 ikiwa haijakatwa, kukunjwa au kufunikwa. Tatu, sehemu ya malipo ibaki mikononi mwa mwenye banda mpaka ukaguzi wa ndani ufanyike.

Ukaguzi huo hauhitaji mhandisi. Ingia ndani mchana, funga mlango, angalia matundu yanayopitisha mwanga, kisha zungusha gunia tupu ukutani kutoka kona hadi kona. Likinasa mahali, fundi arudi kazini.

Hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa biashara ya ghala inapanuka. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na mazao kama dengu na choroko ya Simiyu yameingizwa kwenye mfumo huo miaka ya karibuni. Stakabadhi ni ahadi kwamba mzigo uliowekwa utakutwa kama ulivyokuwa. Hakuna benki wala mnunuzi atakayeiheshimu ahadi hiyo kama ghala lenyewe linatoboa magunia. Kwa vijana wa mkoa huu wanaotaka kujenga maghala ya kukodisha, hapa ndipo ushindani utakapoanzia.

Ushauri wangu kwa Halmashauri, maofisa ushirika na Bodi ya Pamba ni kwamba ukaguzi wa maghala kabla ya msimu kufunguliwa usiishie kwenye mizani na turubai. Kuta nazo ziangaliwe. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyokuwa mwenyeji wa Nanenane kitaifa mwaka 2018 hadi 2020, vinaweza kutumika kuonyesha banda la mfano lililojengwa sawasawa, ili fundi wa kijijini aone kwa macho badala ya kusomewa mwongozo.

Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakulima wetu ukuta wameshajenga, tena kwa fedha walizozipata kwa jembe. Kilichobaki ni kazi ya siku moja ya vijana wawili, mkasi na kopo la kuwekea ncha. Ifanywe kabla gunia la kwanza halijaingia.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.